Madumu ya Maziwa ya Jumatano

Mwalimu,

Nimetoka kanisani sasa hivi na sikusikia hata neno moja la mahubiri. Nimekaa, nimesimama, nimepika chai nikaisahau. Bora nikuandikie tu.

Jumatano nilipata onyo la pili kazini, pale kiwandani tunapochambua taka. Lori la mtaa wenu wa Takoma Park lilimwaga mzigo wake kama kawaida, na mimi, mama mzima, badala ya kuokota madumu ya maziwa na kuyatupa kwenye kizimba, nikawa napindua moja moja kuangalia kama limeandikwa. Yale mengine yakanipita yakaishia kwenye chupa. Msimamizi alinifokea mbele ya kila mtu. Nikirudia tena nafukuzwa, na najua ungesema nimejitakia.

Lakini wewe ndiye uliyenizoesha vibaya. Nilipofika Marekani kutoka Kirinyaga nilidhani taka ni taka, ikishachukuliwa mlangoni imekwisha. Ulinisimamisha kando yako pale kwenye mkanda unaopitisha taka ukaniambia, "Dada, wewe okota madumu meupe tu. Mengine yaache yaende zake." Mmarekani mweusi, rika la baba yangu, hujawahi kukanyaga Afrika, una Kiswahili cha darasa la jioni kilichonyooka kuliko changu, na bado ulithubutu kunisahihisha ngeli! Nilicheka mpaka glavu ikachukuliwa na mkanda. Nikakuita Mwalimu, nawe ukaniita Mwalimu, kwa sababu ulitaka nikufundishe maneno ya mtaani. "Poa" ulilitamka kama mchungaji anayetoa baraka.

Kisha magoti yakakushinda, ukastaafu. Nilifikiri ndio basi. Jumatano iliyofuata, katikati ya mikebe ya maharagwe, likaja dumu lenye herufi nene za wino mweusi: MWALIMU, UMEKULA? Nilipiga ukelele, wenzangu wakadhani nimekatwa na chupa. Tangu hapo hukukosa. NIAJE. MAGOTI YANAKUSALIMU. Nilipoanza kuchoka na masomo ya kutunza wazee ukaandika, KOZI IMEFIKA WAPI? USINIFANYE NIJE HUKO. Nilisoma, nikacheka, nikatupa, maana hakuna ruhusa ya kutoka na kitu cha mkandani. Unajua kinachofuata. Mashine inayabana, yanafungwa waya kuwa marobota, yanapelekwa kusini kusagwa na kutengenezwa mabomba ya mitaro. Salamu zako zote zimefukiwa kwenye mashamba ya watu nisiowajua. Sina hata moja, Mwalimu. Hilo linaniuma kuliko hata siku ya mazishi yako.

Mambo yamebadilika tangu uondoke. Wameleta sumaku mpya inayonyakua mikebe yenyewe. Chupa za rangi zote sasa zinapondwa pamoja. Ungegombana na mtu. Mahali pako anasimama Mkongo mmoja mpole anayeimba kutwa. Na kozi nimemaliza. Nyumba moja ya wazee kule Annandale wananitaka, na wanataka jibu kesho. Nimekuwa nikiwazungusha. Ningewaambiaje kwamba siwezi kuacha kazi ya taka kwa sababu ya Jumatano? Nilikuwa nikijiuliza, je, kama kuna dumu umeliandika likabaki chini ya ngazi kwenu, na mkeo akalitoa siku moja, atalisoma nani?

Jana nikashindwa kuvumilia, nikapanda treni nikaja kwenu. Mkeo alinikaribisha vizuri, bado kofia yako iko mlangoni. Nikajikaza nikamuuliza kama kuna madumu yoyote yaliyobaki. Akasema, "Mwanangu, nyumba hii hatunywi maziwa. Yule mzee hata tone lilimvuruga tumbo."

Akaniambia yote. Kwamba kila wiki ulinunua dumu, ukavuka barabara nalo kwa jirani mwenye watoto, ukawapa, na ikikaribia Jumatano unawarudia kudai dumu lenyewe. Kwamba jirani alikuona umechanganyikiwa kidogo. Na magoti yale! Kwamba ulikaa mezani ukijaribu maneno kwenye gazeti kwanza, usije ukaaibika mbele yangu.

Nililia pale pale jikoni kwenu, Mwalimu, bila haya. Mwezi mzima nimepindua madumu ya Takoma Park yote, na hakuna lililokuwa linakuja. Hakuna kilichobaki chini ya ngazi. Uliandika yote, ukatuma yote, nami niliyapokea yote.

Kesho asubuhi nitapiga simu Annandale niwaambie nakuja. Usidhani nimetulia. Jumatano itafika nikiwa namvisha mzazi wa mtu soksi, na najua masikio yangu yatalitafuta lile lori. Lakini nakuahidi sitarudi kuchungulia mkandani.

Lala salama, Mwalimu. Pale hakuna tena ninachokisubiri.

Wanjiru