Vitambaa Vyekundu vya Afande

Afande,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo kabla sijakuamkia, maana nikianza na salamu nitalia na barua itaishia hapo hapo.

Uliondoka vibaya. Wiki moja tu hospitali ya Mulago, umelala chali unanisumbua na habari za magugu, kisha ukafa bila kumwachia mtu hata mstari mmoja wa maandishi. Miaka tisa tumelima bustani moja nyuma ya lile jumba la zamani, na kila kitu ulikiweka kichwani mwako na kwenye vile vitambaa. Vitambaa, Afande! Mashuka mekundu ya mitumba ya soko la Owino, unayachana mwenyewe, unafunga kila mti usiotakiwa kuguswa. Siku yangu ya kwanza nilishika tawi la ule mti mkubwa wa mutuba, ukanifokea mpaka panga likanidondoka: "Wewe mtoto ya Bukavu, hapana gusa! Nyekundu ni amri. Hii mti iko na wenyewe."

Wenyewe walikuwa ndege, hondohondo. Ulinionyesha tundu lao kule juu, jike kajifungia ndani kwa tope, kabakiza ufa mwembamba wa kupitishia mdomo, na dume anamletea matunda kutwa nzima. Ukasema huyo ndiye askari wa kweli, hatoroki lindo. Ukacheka peke yako.

Sasa sikiliza. Mutuba haupo.

Madam, mwenye jumba, anataka kulifungua kwa wageni, waje waone veranda ya mbao na vigae vya zamani, wanywe chai bustanini. Sawa. Akaagiza wakataji waje kuondoa lantana na vichaka vyote vya kigeni ulivyokuwa unapigana navyo kila msimu wa mvua, kisha akasafiri. Mimi nilifurahi, nilidhani hatimaye umepata jeshi. Asubuhi waliyokuja nilikuwa Owino natafuta glavu na magunia. Msimamizi wao akanipigia simu, kelele kila upande, akauliza kama vile vitambaa vyekundu ni alama za Mzee, yaani wewe. Nikamjibu ndiyo, ndiyo, fuateni alama za Mzee. Nikakata, nikarudi kwenye glavu zangu.

Mjini hapa nyumba ikipakwa alama nyekundu ukutani, inabomolewa. Kampala nzima inajua. Hata mimi najua! Ni wewe na mimi tu tuliosahau, humo ndani ya ua wetu, kwamba watu wengine wana nyekundu yao.

Niliporudi walikuwa wameshamaliza. Kila mti wenye kitambaa, chini. Lantana wameiacha imesimama na maua yake ya manjano na waridi, eti inapendeza. Nilimtafuta yule jike kwenye matawi, nikampata, ukuta wake wa tope umepasuka. Sisemi zaidi. Dume alikuja siku tatu na tunda mdomoni, anazunguka pale juu ambapo hapana kitu. Nilimrushia kijiti aende zake. Nilimtukana ndege, Afande, kwa Kiswahili na kwa Mashi, lugha ya kwetu.

Hiyo ni wiki ya tano sasa, na hasira hiyo ningeimeza. Lakini jana Madam amerudi. Akasimama mbele yetu wafanyakazi, akatazama visiki, akasema: "Maskini mzee, mwishoni akili ilimruka, akatia alama miti isiyo yenyewe." Mpishi akadakia, ndiyo, uzee huo. Wewe! Wewe uliyekuwa unajua mche wa kigeni ukiwa na majani mawili tu! Na mimi nilikuwa pale pale, reki mkononi. Nikafikiria kazi, nikafikiria chumba changu cha Kamwokya na watoto wangu waliomo. Nikaitikia kwa kichwa pamoja nao. Mimi, Afande. Niliitikia.

Leo kutwa nimeng'oa lantana peke yangu, na mizizi yake yote kama ulivyotaka, mpaka mikono imechubuka. Sikuvaa zile glavu. Siwezi kuziangalia.

Ulinifundisha mutuba hauna makuu: kata fimbo, chomeka, mwagilia. Siku ile ile walipoikata miti nilichomeka fimbo kumi na mbili kando ya ua, na nne zimetoa majani. Mbele yake nimesimamisha kibao, herufi kubwa, USIKATE, na chini yake sababu. Vitambaa basi. Hilo ulikosea, na mimi nilikosea zaidi.

Kesho asubuhi Madam akitoka na chai yake verandani, nitamwambia. Alama zilikuwa sahihi, mzee hakuchanganyikiwa, mdomo uliowatuma wale watu ni huu wangu. Akinifukuza, anifukuze.

Lala sasa, Afande wangu. Wakikugusa tena nitawajibu kwa Kiswahili chako mwenyewe: hapana gusa. Hii jina iko na mwenyewe, na mwenyewe ni mimi.

Mtoto ya Bukavu