Baba mkwe kaniokolea vitunguu

Pili uko wapi? Nimechoka shoga yangu, nimechoka hadi kulia naona uvivu.

Baba mkwe kavunja maua yote. YOTE.

Vile vitunguu vyangu vya urembo, vya maua ya zambarau. Miaka mitatu nahangaika navyo na joto hili la Moro. Unakumbuka nilivyovilaza kwenye friji miezi miwili ili vipate baridi, mume wangu analalamika hakuna pa kuweka maziwa? Mwaka huu ndo vimekubali. Vitumba ishirini na sita, vilikuwa vifunguke wiki hii.

Mzee kashuka jana kutoka Mgeta kutusalimia. Unajua kalima vitunguu maisha yake yote, na kwao kitunguu kikitoa ua kimeshaharibika, ni aibu ya mkulima. Leo natoka sokoni, namkuta kapiga magoti bustanini anavunja kimoja kimoja. Kimoja kimoja, Pili!

"Shikamoo baba." Nikamwamkia hivyohivyo, kikapu mkononi.

"Marahaba mwanangu. Nimekuokolea shamba. Wala usione haya, hata mimi mwaka wa kwanza vilinitolea maua hivihivi. Sitamwambia mtu."

Hatamwambia mtu!! Suruali yake imejaa tope, kashika kiuno, anatabasamu. Nikasema asante baba.

Kimoja hakukiona, kiko nyuma ya tenki la maji. Nimekifunika na ndoo.

Sasa hivi anaita kutoka uani. Anauliza ndoo iko wapi, anataka kunimwagilia bustani.