Mashini Inakwama Saa Kumi

Butembo, Furu
Tarehe 14 mwezi wa kumi na moja, 2025

Mupendwa yaya Jéthro,

Wasingya, asante kwa ile mail yako ya siku ya Mungu. Munaamkaje huko Kampala? Bibi yako aliacha kukohoa? Na batoto, bangali banakataa bugali? Siye tuko, Mungu anatuchunga. Mama miguu inamuuma juu ya hii mvua, mais ulimi wake haumuumi hata kidogo.

Utashangaa kuona naandika murefu badala ya kupiga simu. Hii nyumba unaijua, mutu akisema mu chumba banamusikia mupaka jikoni. Haya sitaki Mama ayasikie.

Nianze na mashini, sababu nikianza na mwisho utasema nina wazimu. Ile ordinateur ulitutumia na Linux yako, yenye ule ndege mweusi ulibandika mbele (Mama anamuita bata), muchana kutwa napiga nayo kazi za banafunzi na haina shida. Mais saa kumi, tukifungua ule muchezo wa magari mimi hapa na ndugu yetu Kitsa kule kwake, kwa internet, dakika kumi ao makumi mbili tu, pu! Inabloke. Sauti inarudia neno moja, mushale wa souris hapana sogea, mupaka nizime na kidole.

Ulinicheka, ukasema mutu muzima analilia muchezo. Yaya, kwangu ile hapana muchezo. Tangu Kitsa ashuke Mutwanga kuvuna kakao ya marehemu baba, kwa simu anasema tu "niko muzima". Hata nyumba ikiwaka moto atasema niko muzima! Mais kwa barabara ya muchezo hawezi kunidanganya. Nikiona ile gari yake nyekundu inanisukuma kwa kona bila haya, najua anapumua, amekula, na bale batu ba pori benye bunduki bangali mbali. Donc kioo kikikwama, roho inanitoka. Ni mashini, ao ni yeye?

Mara ine wiki ilipita. Kila mara nilimupigia simu, na yeye ananitukana eti nazima mashini juu nisishindwe. Mupumbavu yule.

Nikafanya vile ulinifundisha. Vile kioo kilikwama niliingia mu mashini kupitia telefoni, ikajibu vizuri. Donc yenyewe ilikuwa hai, ni carte graphique tu, ile inachora picha kwa kioo, ilikuwa imezimia. Nikasoma journal yake, mistari isiyo na mwisho, na ya chini kabisa ilikuwa inalalamikia ile carte. Nikabadilisha pilote, ile programu inaendesha carte, bure. Nikarudisha kernel ya zamani, ule moyo wa Linux, bure. Ndipo nikapima joto tukiwa tunacheza: digrii makumi kenda na sita! Nikaenda kuchungulia nyuma.

Ni Mama, yaya! Kitambaa chake cha kusuka, kile cha siku kuu, alikuwa anaivalisha mashini kila saa tisa, mbele ya bageni kuanza kuingia. Mbele nilikuwa nakiona, sikujua nyuma kimeshuka mupaka chini na kuziba matundu yote ya upepo. Eti kitu kimetoka inje hakiwezi kukaa uchi kwa salon. Tuligombana mupaka mutoto wetu Séphora akakimbilia kwa jirani. Mwishowe Mama akakubali avalishe redio. Nikapuliza vumbi, na mende wawili wakatoka, na tangu siku ya kwanza ya hii wiki haijakwama hata mara moja. Nilifurahi sana, nikaimba mu nyumba.

Mais sasa mashini ilipona, nikaanza kuona Kitsa vizuri. Siku ya tatu aliendesha polepole, akasimama kando ya barabara mara mbili. Nikamuandikia pale chini ya muchezo: kuna nini? Akajibu: imbwa zinalia sana huku, hapana waza. Jana akaandika kwamba Malachie, yule jirani yake wa kule mulisoma naye, alipeleka bibi na batoto Beni. Nikamuambia acha hiyo kakao ioze, kuja nyumbani. Akaniandikia kwamba anangoja mifuko mitatu ikauke, atapanda kuja Butembo kesho.

Kesho ni leo. Saa kumi kamili alifungua, nikamuuliza mbona angali kule, akasema pickup itapita saa kumi na moja, tucheze kidogo. Tukazunguka mara mbili, yeye mbele. Kisha gari yake ikasimama katikati ya barabara.

Nikapiga kelele: Mama, kitambaa! Nikaangalia, matundu yako wazi. Joto makumi sita na tatu. Muziki ulikuwa unaendelea, saa inahesabu, na gari yangu inanitii. Niliizunguka yake mara tatu. Hakuna kitu kilichokwama kwangu. Nilitamani ikwame, yaya, naapa.

Sasa ni saa kumi na mbili. Simu yake inaita, hakuna mutu anapokea. Asumani, mwenye ile pickup, anasema basoda ba jeshi bamemurudisha njiani, hakuna gari inapita, na hapana muambia sababu. Muchezo sijaufunga. Jina la Kitsa lingali pale juu kwa orodha, donc ordinateur yake inawaka. Ni mikono tu haiko.

Namba ya Malachie unayo, mimi sina. Tafazali mupigie sasa hivi, ukimaliza kusoma. Kisha niandikie kwa mail, si kwa telefoni ya Mama, na uniambie ukweli hata ukiwa mubaya. Niko naogopa.

Mama anakusalimia, anaomba mafuta ya kupaka miguu. Anapika sombe hapa, ameweka na sahani ya Kitsa. Séphora anakusalimia sana, amepita darasa. Tante Anne-Marie wa Kirumba alipita jana, naye anasalimia bibi yako. Mungu awalaze salama na batoto bote, na atandike mukono wake pale Mutwanga.

Salamu za Kitsa, yaya, leo sina.

Ni mimi dada yako mudogo, mwenye kelele na mwenye kukupenda,

Kavuo