Pano ya Jua na Bwato ya Mama

Base ya Kamina, siku ya mungu

Mama yangu mupenzi,

Jambo yako, na jambo ya bote beko ku nyumba kule Bukama. Magoti inaendelea namna gani? Siye huku tuko bazima. Bwana yangu eko ku kazi ya bulinzi, batoto banakula muzuri. Minakuandikia barua juu ku telefone maneno inanikauka mu kinywa.

Uliuzisha bwato yako, ule mutumbwi wa kuvuka muto, ukanitumia makuta ninunue pano ya jua, yenye inakamata moto ya umeme ku jua, na batri. Nilikuambia: bantu batalipa kutia moto mu telefone yabo, mwaka moja tu bwato inarudia. Mwaka imepita. Makuta haifike hata nusu. Sikuikula, mama, Mungu anaona.

Iko hivi. Huku mu kambi ya basoda, kama kuko kilio, mwenye batri anaipeleka kule, bafiwa bakae na mwangaza. Hakuna kulipa. Na kifo haipumuke, ee! Wiki ingine batri inashinda tu ku kilio, telefone ya bantu inarudia bila moto. Mi nikaanza kukasirika. Siku mama Kabange, jirani yetu, alifiwa na dada yake, nikamwambia: "Batri yangu iko mugonjwa." Nilimudanganya! Ilikuwa chini ya kitanda, imejaa moto.

Yee akasema tu: "Sawa, mama, pole ya batri."

Hakuna mwenye alinitukana. Lakini kesho yake, hakuna hata telefone moja yenye ililetwa. Kesho ingine, vile vile. Natandika pano ku jua, nakaa ku mulango, bantu bananisalimia na kupita. Nikasikia haya mingi. Siku ya ine nikabeba batri ku kichwa mpaka ku kilio. Mama Kabange akasogea ku mukeka: "Ikala hapa karibu yangu." Nikalia kuliko bafiwa. Kisha telefone ikarudia.

Sasa nimejua: nikikatalia bantu batri ku kilio, hakuna mwenye atalipa, nikiitika, bwato yako inangoja mwaka ingine. Na najua unalipa bwato ya bengine kila siku ya kuvuka ku shamba. Bibi ya kapiteni moja anataka kununua pano na batri. Nikiuzisha, unapata bwato mwezi huu, siye tunarudia ku buji, ile mishumaa. Sema weye. Usinihurumie.

Unisalimie yaya, dada yangu mukubwa mwenye anakausha samaki, na mujomba mwalimu, hata kama anasema nilikula makuta.

Jibu mbio, mama. Nimechoka kuona jina yako ku telefone na kuogopa kuitika.

Mutoto wako,
Odette