Nikimripoti Tapeli wa Ushuru, Si Nitakuwa Nimejishtaki?

Mpendwa Shangazi Soipan, naomba msaada wako na naomba uniharakishie, maana nimeponea chupuchupu lakini moyo umekataa kutulia. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na sita hapa Kitengela, marehemu mzee wangu aliniachia ploti yenye vyumba kumi na viwili vya kupangisha, na kodi ya hivyo vyumba ndiyo imenisomeshea watoto, na nitasema ukweli kwa sababu hunioni uso, tangu tumzike sijawahi kulipia ushuru hiyo kodi hata senti moja, si kwa ubaya, nilianza kwa kutojua nikaendelea kwa kuogopa.

Sasa Jumatatu ya wiki jana nikiwa nafua nikapigiwa simu na mwanamume wa sauti nzito, akajiita Afisa Roy kutoka kwa watu wa ushuru, akanitaja jina, akasema, "Mama, uko na nyumba kumi na mbili na hujadeclare hata moja. Kesho tunakuja na polisi kufunga hiyo geti. Lakini nimekuonea huruma, tuma elfu themanini leo na hiyo faili naifunga mimi mwenyewe. Na usiambie mtu, hii ni siri ya serikali." Shangazi, nilijikuta nimekalia beseni la nguo. Nikajiuliza, kama si serikali, vyumba vyangu vimehesabiwa na nani? Nikachukua pesa zote nilizokuwa nimeweka za kubadilisha paa, nikakimbia kwa Sirad, mpangaji wangu mwenye kibanda cha M-Pesa hapo mbele, aniwekee kwa simu na anisaidie kutuma kwa sababu miwani nilikuwa nimeisahau. Sirad akaandika ile nambari, akasimama kidogo, akanigeuzia simu. "Mama Kahiga, hapa inasema pesa inaenda kwa Ciku. Serikali siku hizi inaitwa Ciku?"

Nilicheka huku nalia. Nikarudi nyumbani na paa langu lote mkononi, nikamshukuru Mungu, nikampelekea Sirad maziwa lita mbili na bado naona ni kidogo.

Lakini Jumapili tukitoka kanisani nikamwona Mzee Irungu, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara mwenye vyumba kama vyangu, amekunja uso kama aliyefiwa, na nilipomuuliza akaniambia anauza ng'ombe wake, yule mwenye mimba, mnunuzi anatoka Kajiado Ijumaa. "Kuna watu wa ofisi wananisumbua," akasema. Shangazi, hiyo ofisi niliijua! Lakini nilimuaga nikaenda zangu, maana nikimwambia atajua kwa nini hata mimi nilipigiwa, na nikienda kuripoti si wale wa ushuru wa kweli wataniuliza hivyo vyumba ni vya nani? Nifanye nini?

Mama Kahiga, Kitengela

*

Mama Kahiga,

Barua yako ilinifikia Jumatano, na safu hii hutoka Jumapili. Ng'ombe angekuwa ameshafika Kajiado. Ndiyo maana nilikupigia simu papo hapo nikakufokea. Naomba radhi kwa kelele, si kwa maneno. Nilikwambia uache chai mezani uvuke barabara, na leo, kwa ruhusa yenu wawili na majina tukiwa tumeyabadilisha, nawaambia na wengine.

Pole kwanza kwa hofu ile. Sirad ni mpangaji wa kushikiliwa, usimwongezee kodi mwaka huu.

Sasa nikugombeze. Unauliza nani alihesabu vyumba vyako. Si umeniambia mwenyewe kwa simu kwamba milango umeipaka nambari moja hadi kumi na mbili, yote inaonekana kutoka barabarani, na kwenye geti kuna bango la "Nyumba ziko" lenye jina lako na simu yako? Mzee Irungu naye analo. Huyo Roy hakuwa na faili yoyote. Alipita barabara yenu na kalamu, basi, akijua kwamba wengi wenye mabango wana siri kama yako.

Afisa wa kweli hakwambii utume ushuru kwa simu ya mtu. Ushuru unalipwa kwa nambari rasmi ya malipo na unabaki na risiti. Pia hakwambii unyamaze. Anayekukataza kusema anajua ukimwambia mtu mmoja tu mwenye akili, kazi yake imekwisha.

Usifute nambari yake wala ujumbe wake. Piga ripoti kituo cha polisi na uandikiwe nambari ya OB, ile ya kitabu chao cha matukio, iambie kampuni ya simu ili laini ichunguzwe, kisha uwaambie watu wa ushuru wenyewe, kwa nambari uliyoipata ofisini kwao au kwenye tovuti yao, si ile aliyokupa mtu asiyejulikana.

Na ndiyo, wataweza kukuuliza kuhusu vyumba. Wajibu! Unadaiwa, Mama, na huenda kuna faini juu yake. Uliza kama unaweza kulipa kidogo kidogo. Lakini mwingine akikupigia baada ya hapo, utamsikiliza ukiwa umekalia kiti.

Alhamisi jioni ulinitumia ujumbe kwamba ulivuka. Mzee Irungu alikusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mama Kahiga, mimi nilitaka kukuuliza tangu wiki jana, nikaogopa utajua silipi." Hatua ishirini za barabara, na kila mmoja anamficha mwenzake kitu kilekile! Nilifurahi hadi nikapiga meza.

Kwa hivyo kesho asubuhi mnatoka pamoja, polisi kwanza, halafu ofisi ya ushuru. Bebeni vitambulisho. Mkirudi, gongeni kila geti lenye bango kwenye barabara yenu, mseme yote, hata ile sehemu ya aibu. Mnunuzi wa Kajiado ameshaambiwa asije, na ng'ombe wa Mzee Irungu atazalia nyumbani.