Matope ya Kioko

Durban, Julai 1998

Mama mpendwa,

Tu wazima, na hata baridi ya huku si ya kuvalia sweta. Anayesumbuka ni mdogo wangu Kioko. Ule utafiti wa bahari unaowaringia majirani ni wa matope, Mama. Meli huyachota chini kabisa baharini, na asipoyapima hapati digrii. Juzi aliyaanika kwenye roshani yetu, vipande vya kijivu juu ya sinia.

Jirani yetu Mama Béa, Mkongo mwenye mimba ya miezi saba, akaja kuazima pasi. Wajawazito na udongo unawajua. Kioko aliporudi kutoka chuoni alikuta sinia tupu.

"Nilizani ni ya soko," akasema Mama Béa, akijifuta mdomo. "Iko muzuri, iko na chumvi yake."

"Mama Béa, umekula digrii yangu."

"Eish, pole, mon petit. Basi huyu mutoto atazaliwa docteur."

Alhamisi Kioko anarudi baharini kuchota mengine, naye hutapika hata kwenye feri ya Likoni. Tunakukumbuka sana. Sala za masomo ziweke kando kwanza, umwombee tumbo.

Mwanao,
Mueni