Chuma Kilichogoma Kuvunjika

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila masikio yanavuma kwa sababu ya kazi. Goti lako vipi? Na Baba, bado anabishana na redio?

Nasikia umewatangazia majirani kwamba najenga madaraja. Mama, mimi sijengi, navunja. Mtoto uliyemchapa kwa kuvunja vikombe sasa analipwa mshahara kwa kuvunja. Tunachukua kipande cha chuma kama kidole, tunakitia mkato, tunakigandisha kwa baridi kali, kisha tunakiachilia nyundo kubwa inayoning'inia kama bembea. Kikikatika kama biskuti, hakifai daraja la barabara kuu, maana siku malori yakikilemea kitakatika bila kubisha hodi. Tunataka kile kinachopinda kwanza, watu waone, wakimbie.

Yupo kijana wa kiwanda cha chuma, sisi humwita Bwana Safari Hii, kwani kila akileta chuma kipya huapa kuwa safari hii hakivunjiki. Kikivunjika, huokota vipande na kuvifunga kwenye leso kama mfiwa. Mkuu wetu alishamwonya kwamba kikishindwa tena, daraja watapewa wengine.

Jumanne wakaja wakubwa wa barabara kushuhudia. Wote wakaziba masikio. Nikaachia nyundo. Ikashuka, ikakipiga chuma, ikakwama papo hapo. Mkubwa mmoja, vidole vikiwa bado masikioni, akauliza kwa sauti ya kuamsha wafu kama mashine imeharibika. Mkuu akamjibu kuwa mashine ni nzima, chuma ndicho kilichogoma. Bwana Safari Hii akamkumbatia mkubwa, akamkumbatia mlinzi, akaikumbatia hata nyundo, shati likajaa grisi. Aliponifikia mimi akaona haya, akanipa mkono.

Sasa Mama, kaa kwanza. Jioni alinisubiri getini, akaniambia kiwanda kina dereva wa kuleta vyuma, ila yeye ndiye aliyekuwa akiomba kuvileta mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Kwani dereva angekuona wewe, mimi ningepata faida gani?"

Nimemkubali. Wazee wake watafika kwenu Jumamosi. Najua utauliza tabia yake. Mama, nimekivunja chuma chake mbele za watu mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, na hajanikunjia uso hata siku moja.

Wasalimie wote hapo nyumbani, hata walioninunia.

Ni mimi,
Kitinda mimba wako